Cheni ya Msumari wa Pili

Mjane alifika kituoni saa mbili kasorobo asubuhi, kama jana na juzi, akakaa kwenye benchi lile lile chini ya tangazo la chanjo ya mbwa. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye shuka, mswaki na kipande cha sabuni. Alikuwa amekuja na mizigo yake ya mahabusu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Mama Mapacha. Leo tena?"

"Leo sirudi. Mapacha nimewaacha kwa dada yangu. Nipe karatasi niandike."

Inspekta hakumpa karatasi. Kituo kizima kilimwita Inspekta huyu Mama Taratibu, nusu yao kwa heshima, na nusu kwa sababu amewachelewesha kwenda kula mchana kwa miaka kumi na tisa. Alivuta kiti, akakaa mbele ya yule mama, akafungua faili ambalo alishalijua kwa moyo.

Faili lenyewe lilikuwa jembamba. Siku kumi na moja nyuma, mume wa Mama Mapacha, mkata miti ambaye watu walimwita Mistari kwa jinsi magogo yake yalivyotoka yamenyooka, alifia chini ya mkaratusi ulioinamia paa la shule. Msumeno wa injini ulimrukia ukampata shingoni. Kwenye msumeno ilikutwa cheni ya kupasulia mbao, ambayo mkata miti mwenye akili zake hawezi kuangushia mti. Na cheni iliyofungwa kwenye msumeno ule asubuhi hiyo ilitoka nyumbani kwake. Mkewe ndiye aliyeitoa ukutani, akamkabidhi shemeji yake, naye akaipeleka kwa pikipiki. Mkuu wa kituo alishaandika neno "ajali" kwa penseli juu ya jalada. Alichongoja ni maelezo ya mjane tu, alitie wino.

"Nieleze tena ulivyoitoa," Inspekta alisema.

"Nimekueleza mara tatu."

"Mimi ni mzito. Nieleze ya nne."

"Alipiga simu saa tatu. Cheni yake imegonga msumari wa zamani ndani ya gome, meno yamekwisha. Akasema kaka anakuja, mpe ile ya akiba ya kuangushia, iko msumari wa pili. Nikaingia karakana, nikaitoa, nikaifunga kwenye gazeti."

"Uliiona kuwa ndiyo yenyewe?"

"Karakana haina dirisha, na taa ilikuwa imeungua. Nilipapasa tu. Uji ulikuwa jikoni unafurika." Alikunja mdomo wa mfuko wake, akaukunjua. "Askari wenu walipokuja kutazama, msumari wa pili una cheni yake, wa tatu mtupu. Na wa tatu ndio wa cheni ya mbao. Mimi si mtoto, afande, najua maana yake. Nilitoa ile nyingine. Nimemuua mume wangu kwa ajili ya sufuria ya uji."

Inspekta alikuwa na picha ya ukuta ule mbele yake, na picha ilisema hivyo hivyo. Alimhurumia yule mama, akafunga faili.

"Nipe mpaka saa kumi. Kama sijapata neno jingine, karatasi nitakupa mimi mwenyewe."

"Saa kumi," mjane alisema. "Usinizungushe tena."

Inspekta alikuwa na wazo moja tu, nalo lilikuwa dhaifu. Labda duka lilikosea. Labda kwenye boksi la cheni ya kuangushia ilitiwa ya kupasulia, Mistari akaitundika bila kuikagua. Alilichukua wazo hilo pamoja na kielelezo, ile cheni iliyokutwa kwenye msumeno, ndani ya bahasha ya khaki, akaenda kwa Bi Tupa, bibi wa miaka sabini aliyeuza cheni na kunoa misumeno ndani ya chumba chenye upana wa kitanda.

"Mimi nikosee boksi?" Bi Tupa alisema. "Mwanangu, nakusamehe kwa sababu umevaa sare."

"Basi nifundishe. Nichukulie mimi mteja mjinga."

"Hilo halinipi shida, wamejaa." Aliteremsha cheni tatu, akazilaza mezani. "Kwanza kabisa cheni iukae msumeno wako. Nafasi kati ya viungo, unene wa ulimi unaoingia kwenye mfereji wa upanga, kile chuma kirefu kinachobeba cheni, na idadi ya viungo. Ukikosea hapo haifungiki. Wengi wakishafika hapo wanadhani wamechagua, kumbe ndio kwanza wanaanza. Unakwenda kukata nini? Hilo ndilo swali, na wanaume hawapendi kuulizwa."

Aligusa cheni ya kwanza. "Hii jino lake lina kona kali. Mti msafi, uliosimama, inaupita kama mkate. Ila ikigusa mchanga mara moja, kwaheri. Hii ya pili kona yake imeviringwa. Haina mbio lakini ina uvumilivu. Magogo yaliyoburutwa kwenye udongo, visiki, mti mkavu, mpe hii. Na hii ya tatu ndiyo dada yake huyo uliyemfunga kwenye bahasha. Ya kupasulia. Zile mbili zimenolewa digrii thelathini, kwa sababu zinakata mti kwa upana. Hii ni digrii kumi, karibu bapa, inafuata urefu wa gogo, na ubao unatoka laini. Ukiangushia mti inasota. Ikisota unaikandamiza. Ukiikandamiza, ncha ya upanga inagusa mahali, msumeno unaruka. Tena haina hiki."

Alionyesha kijinundu mbele ya jino la cheni ya kwanza.

"Hiki kinazuia kuruka?"

"Kinapunguza. Ningekuwa na cha kuzuia ningekuwa na ghorofa."

Inspekta alimimina kielelezo juu ya meza. Bi Tupa alivaa miwani, akakipitisha kati ya vidole, kiungo baada ya kiungo, na utani wote ukamtoka usoni.

"Hii haijawahi kulala ukutani kwa Mistari," alisema.

"Umejuaje?"

"Leta kucha yako. Meno ya cheni yanapishana, moja la kulia, moja la kushoto. Pima haya ya kulia. Haya, pima na ya kushoto."

Inspekta alipima. Meno ya kulia yalikuwa mafupi kuliko ya kushoto, tofauti ya punje ya mchele.

"Mistari alikuwa anapima kila jino. Nilimcheka kwa hilo miaka yote. Aliyenoa hii ana mkono mmoja usiojiamini. Akigeukia upande ule anaongeza tupa, anaongeza tena, mpaka anapitiliza. Kunoa ni mwandiko, mwanangu."

"Mwandiko wa nani?"

Bi Tupa alirudisha cheni ndani ya bahasha, akaikunja mwenyewe. "Nimekaa na hawa watu miaka arobaini. Simtaji mtu kwa punje ya mchele. Nenda kawasikilize wakinoa, utasikia mwenyewe."

Saa saba Inspekta alimchukua mjane kutoka kituoni wakaenda nyumbani kwake. Karakana ya Mistari ilikuwa nyuma ya nyumba, ukuta mmoja na chumba cha kulala. Mlangoni ilinuka oili na mafuta ya taa. Inspekta aliwasha tochi, na mwanga ukaangukia aproni iliyotundikwa, mabega bado yamejaa umbo la mtu. Miwani ya kazi ilikuwa juu ya meza, ina alama ya kidole kwenye kioo. Inspekta alikuwa ameingia kwenye vyumba vingi vya wafu, lakini hiki alikiogopa, kwa sababu kila kitu ndani yake kilikuwa kinamngoja mwenyewe arudi.

Ukutani kulikuwa na misumari minne. Chini ya kila mmoja Mistari alikuwa amepigilia kipande cha mti kilichokatwa kwa cheni ya msumari ule.

"Vya nini hivi?"

"Vya kusoma kwa kidole," mjane alisema. "Alinitengenezea mimi, kwa kuwa sijui cheni. Cha kwanza na cha pili vinakwaruza, ndizo za kuangushia. Cha tatu laini, cha mbao. Cha nne kina madoa ya udongo."

"Siku ile ulipapasa kipande?"

"Nilipapasa. Nadhani kilikwaruza." Alinyoosha mkono, akaurudisha kabla haujafika. "Nimekigusa mara mia tangu siku ile, afande. Kila nikikigusa nakiona laini."

Inspekta alikigusa yeye. Kilikwaruza.

"Mumeo na kaka yake walikuwa wakiazimana cheni?"

"Cheni ni kama mswaki, afande. Baba yao aliwaachia misumeno miwili ya aina moja, lakini cheni kila mtu na yake. Mume wangu alikuwa radhi akuazime suruali kuliko cheni."

"Nani ameingia humu tangu msiba?"

"Askari wenu, siku ya nne. Na yeye."

"Yeye nani?"

"Mwenyewe." Alilisema kwa utulivu, kama anavyotaja jirani. "Siku ya maziko. Watu wako uani, mimi wamenilaza chumbani, yapata saa tisa. Nikasikia tupa, hapa hapa ukutani, juu ya kichwa changu. Alikuwa ananoa."

"Hukutoka kutazama?"

"Ningetoka angeondoka."

Inspekta aliishika tochi kwa mikono miwili.

"Sikumwambia mtu, wangesema nimerukwa na akili. Lakini ndicho kilichonipa usingizi. Nimempa cheni ya kumuua, na bado amerudi nyumbani kufanya kazi yake. Nikajua hana kinyongo na mimi."

"Alikuwa ananoaje?"

"Tupa mara tatu kwa kila jino. Miaka kumi na miwili nimelala na hesabu hiyo, moja mbili tatu, kimya, moja mbili tatu. Siku ile alianza vizuri. Alipogeuza upande zikawa tano. Mara sita. Nikasema moyoni, masikini, kufa kumemchosha."

Inspekta alitoa kitambaa, akaiteremsha cheni ya msumari wa pili, akailaza chini ya mwanga. Meno yaling'aa, tupa imepita juzijuzi. Alipima kwa kucha. Ya kulia yalikuwa mafupi kuliko ya kushoto, punje moja ya mchele.

"Hii aliitumia mara ya mwisho lini?"

"Hiyo haijatumika. Ni ya akiba, aliinunua mwezi uliopita, akaitundika."

Inspekta alichomoa pini kwenye kola yake, akachokonoa kati ya viungo, mahali ambapo kitambaa cha mfutaji hakifiki. Kilitoka kipande kigumu, chekundu kilichokolea, kimeshikana na chembe za mti. Ulikuwa utomvu wa mkaratusi. Alikitia kwenye bahasha nyingine, akaandika saa na tarehe, na mkono wake haukuwa na haraka.

"Nenda ukaningoje kituoni," alimwambia mjane. "Ni saa kumi ile ile."

Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa mpasuaji mbao, na jina la kazi lilishammeza, watu walimwita Mpasuaji tu. Inspekta alimkuta kwenye uwanja wake, gogo limelazwa juu ya vigingi, msumeno umefungwa kwenye reli ya chuma inayouongoza. Alipomwona afande alizima injini. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kinene na kigumu. Kilivunjika miaka sita iliyopita, kikaunga vibaya.

"Pole na kazi," Inspekta alisema.

"Nimeshapoa. Hilo faili bado tu, afande?"

"Linakaribia. Cheni yako inatoa moshi."

"Imeanza kuwa butu."

"Inoe basi. Mimi nina muda."

Mpasuaji alimtazama, akaona hakuna cha kukatalia. Alibana upanga kwenye jiliwa, akachukua tupa. Moja mbili tatu, kimya. Moja mbili tatu, kimya. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa upande wa kushoto, akageuka. Moja mbili tatu nne tano. Kisha sita. Kisha tano. Inspekta alihesabu meno manne, akatosheka.

"Upande huo unaongeza."

"Mkono huu hauniambii ukweli. Naongeza nisije nikapunja."

"Ndiyo maana mdogo wako alikukataza kuangusha miti."

Tupa ilisimama. "Nani kasema?"

"Hakuna. Lakini miaka sita hukushika msumeno bila reli, na wewe ndiye mkubwa." Inspekta alitoa cheni ndani ya kitambaa, akaiweka juu ya gogo. "Hii nimeitoa msumari wa pili."

Mpasuaji aliitazama. "Ni ya Mistari."

"Ni yake, mpya, mkewe anasema haijatumika. Lakini ina utomvu wa mkaratusi ndani na mwandiko wako kwenye meno. Kwa hiyo shemeji yako alikupa ile ile aliyoagizwa. Mkaratusi ulikatwa na hii. Ile tuliyoikuta kwenye msumeno ni yako, ilitoka kwenye begi lako la pikipiki. Siku ya maziko, watu wakiwa uani, uliirudisha hii ukutani na kuondoa ya msumari wa tatu, ili ukuta utoe ushahidi dhidi ya mjane. Nani alikuwa ameshika msumeno?"

Injini ilikuwa inapoa, chuma kinalia kidogo kidogo. Mpasuaji alikaa juu ya gogo.

"Mimi," alisema. "Mlinzi wa shule alikuwa amesimama pale, na mdogo wangu ananiambia mbele yake, kaka, kaa pembeni. Mimi niliyemfundisha kushika tupa. Mlinzi alipokwenda kuzuia watu barabarani nikamwambia leo nakata mimi. Akacheka, akanipa. Akasimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, ananitazamia ncha. Ncha ikagusa tawi, mkono huu ukaachia. Msumeno ulipita juu ya bega langu."

"Kubadilisha cheni kunachukua dakika ngapi?"

"Nne." Aliutazama mkono wake. "Kwangu mimi, sita."

"Uliibadilisha kabla ya kumwita mlinzi, ili cheni ibebe lawama, si mkono wako."

"Ndiyo."

"Dakika sita. Alikuwa ameshakata roho?"

Mpasuaji aliiweka tupa chini.

"Sikumtazama," alisema.

Inspekta alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo kazini kwa miaka mingi, akatazama pembeni mpaka ikashuka. Alipoweza kusema, aliuliza jambo dogo.

"Hii cheni ungeitupa popote. Kwa nini uliirudisha?"

"Nitupe cheni nzima? Mpya?" Alishangaa kwelikweli.

"Na kuinoa?"

"Baba hakutuachia hata siku moja tutundike cheni butu. Nimeshika msumari pale, gizani, naitundika, nikauhisi mkono wa Mistari begani. Pale pale ulipokuwa. Nikakaa chini nikainoa." Aligeuza kichwa kidogo, hakumaliza kugeuka. "Haujaondoka, afande. Nimeuzoea injini ikiwaka. Ikizima, ndiyo shida."

Inspekta hakutazama nyuma ya yule mtu. Alitoa pingu.

"Shemeji yako siku ya tatu leo anakuja kituoni na mswaki," alisema akimfunga. "Ulikuwa unajua?"

"Nilidhani mtamwambia ni ajali, yaishe."

"Sisi tulimwambia. Yeye alikuwa anajiambia mengine."

Saa kumi kasoro dakika tano mjane alikuwa kwenye benchi lake. Inspekta alikaa kando yake, si mbele yake, akamweleza yote, bila kuruka kitu ila zile dakika sita. Hizo alizitunza kwa ajili ya hakimu. Mkuu wa kituo alipita, akaona jalada mezani na neno lake la penseli limefutwa, akapita bila kuuliza.

"Kwa hiyo nilitoa ile yenyewe," mjane alisema.

"Ulitoa ile yenyewe. Kidole chako kilisoma sawasawa."

Mama Mapacha alikitazama kidole chake. Inspekta alingoja ashushe pumzi, ashukuru, aulize njia ya kwenda kwa watoto. Mabega yalimshuka kweli, na mfuko ukamteleza mapajani, sabuni ikaanguka sakafuni. Hakuiokota.

"Na siku ya maziko," alisema taratibu, "aliyekuwa ananoa ni shemeji."

"Ni shemeji yako."

"Tano upande ule. Kwa sababu ya mkono wake mbovu."

"Ndiyo, mama."

Siku kumi na moja hakuna askari aliyemwona akitoa chozi, na wengine walilisema hilo kwa ubaya. Sasa alijifunika uso kwa lile shuka alilokuja nalo la kulalia mahabusu.

"Basi hakurudi," alisema ndani ya shuka.

Inspekta aliokota sabuni, akaifuta kwa kiganja, akaishika mpaka yule mama alipomaliza kulia.